Kapu Kichwani, Pasipoti Kifuani

Nichekeni tu, mimi mwenyewe nimeshajicheka. Wiki iliyopita nilitoka Kigali kwenda Goma, na pasipoti yangu ilikuwa imekwisha muda. Binti wa kaka yangu alikuwa anaolewa kesho yake, na arusi isiyo na shangazi si arusi. Nikaapa nitavuka hata kwa magoti.

Pale mpakani Gisenyi, wanawake wa vijiji vya jirani huvuka kila asubuhi na vitunguu vyao, na hakuna anayewauliza karatasi. Basi mimi, mwenye duka la vitambaa Muhima, katikati ya Kigali, nikavua viatu, nikanunua kapu zima la vitunguu, nikajitwika. Shingo ilinitetemeka, lakini nikajipanga katikati yao kwa macho makavu.

Mwanamke aliyekuwa nyuma yangu akaninong'oneza, "Dada, acha kushika kapu na mikono mbili. Sisi hatushikagi."

Nikaachia mkono mmoja.

Afisa wa uhamiaji alikuwa kijana mwenye adabu. Alimsalimu kila mama kwa kumpa mkono, kisha akampitisha. Zamu yangu ikafika.

"Mwaramutse, mama," akaniamkia kwa Kinyarwanda, akanyoosha mkono.

Mimi mkono wa afisa wa mpakani naujua kwa kazi moja tu. Nikaingiza vidole kifuani, nikatoa pasipoti, nikamwekea kiganjani kwa heshima zote.

Akaifungua taratibu. "Mama, hii soko ya vitunguu inaomba pasipoti tangu lini?"

Wanawake wote nyuma yangu wakatua makapu yao chini, wapate kucheka vizuri.