Kitambaa cha Mwisho Ikutha

Fahali wetu alimchoma mume wangu kwa pembe, juu kabisa kwenye paja, tulipokuwa tukimshusha kwenye pikapu sokoni Ikutha. Damu ilitoka ikiruka. Nilivua leso nikaikandamiza hapo, na wanaume wa mnadani wakambeba hadi zahanati.

Nesi alijaza shashi ndani ya kidonda, na kila aliyoiweka ililowa papo hapo. Ambulensi ilikuwa imempeleka mama mjamzito Kitui. Mume wangu akaanza kuniita mama, akidhani mimi ni mamake aliyekufa zamani. Nilimlilia Mungu kwa Kikamba, kwa sauti, bila aibu.

"Imebaki hii moja tu," nesi akasema, akirarua pakiti ndogo. "Imetiwa dawa inayotokana na maganda ya kamba wa baharini. Inagandisha damu, na inasaidia kuzuia viini kwenye kidonda. Lakini lazima tufinye, tusiachilie."

Aliisukuma ndani kwa vidole. Mume wangu alipiga ukelele, kisha akanyamaza, na kimya hicho kiliniogopesha kuliko damu.

"Mama, usimwangalie uso. Finya!" nesi akaniambia.

Nilifinya mpaka mikono ikafa ganzi. Nilipothubutu kutazama, kitambaa kilikuwa chekundu, lakini hakikudondosha tena.

Ambulensi ilirudi baadaye ikamchukua. Kitui walimshona mshipa uliokatika, na kidonda hakikuoza. Ila mguu haukurudi kama zamani. Anachechemea, na msimu wa kulima mimi ndiye hushika plau.