Mluzi Duarani

Saa tisa na robo alasiri, Rwamgasa, baba alishika kamba ashuke duarani, shimo la dhahabu lililonuka dizeli na tope. Nilikumbuka haya juzi mjini Shinyanga, nilipoona bajaji imeandikwa nyuma “Maji yanasikia”, maneno ya shairi moja la kale la mabaharia waliozama kwa kupiga mluzi. Wachimbaji wa Rwamgasa walikuwa wamelisikia redioni, wakapiga marufuku mluzi shimoni.

“Baba Kulwa, bahari isije ikakusikia!” mwenzake alimtania.

“Bahari gani Geita hii, wewe?” Baba alicheka, akashuka akipiga mluzi.

Mimi niliamini bahari iko chini pale. Sasa najua pampu ya kutoa maji shimoni iliishiwa dizeli, maji yakajaa. Siku ile nilijua tu kwamba mluzi ulikatika, na kamba ikavutwa juu ikiwa nyepesi.