Kinanda cha Bi Mwanabaraka Kimeharibika Tena

Nimeshafungua skrubu za kinanda, na sasa nimeinua ngozi yake ya kuvutia upepo, naitazama kwenye mwanga wa dirisha.

Imechanika. Hii ni mara ya tatu kinanda hiki kuharibika tangu tutoke Uhispania.

Na mchaniko wenyewe, jamani, si wa kawaida.

Ngoja nianzie mbali kidogo.

Naitwa Mahendra, Mhindi wa Unguja. Nilifika London enzi zile ndege zikitumwaga Heathrow na masanduku yetu na makoti ya kuazima. Ufundi wa vinanda nilijifunza peke yangu, kwa kufungua na kufunga.

Mke wangu alipofariki, Kiswahili nacho kikafa nyumbani. Binti yangu anakielewa, ila hujibu kwa Kiingereza.

Nikawa naongea na birika. Kweli kabisa.

Ndipo binti akanilipia safari fupi ya kikundi kwenda Uhispania: Córdoba, Sevilla, Granada, na onyesho la flamenco. "You need people, Dad."

Watu niliwaona migongo. Basi zima wawili wawili. Kiti cha pembeni yangu kilikaliwa na begi langu.

Córdoba tuliingia ule msikiti wa kale uliojengewa kanisa katikati. Kila mtu akampiga mwenzake picha. Mimi nikapiga nguzo.

Mbele ya basi alikaa mama wa koti jeusi na mtandio, naye peke yake. Hatukusalimiana.

Sevilla tukapelekwa kwenye ukumbi mdogo. Mchezaji akakita visigino, wenzake wakapiga makofi. Kisha mwimbaji, mwanamke mtu mzima, akafumba macho akatoa sauti ya kukwaruza. Sikuelewa hata neno moja. Lakini ilikuwa sauti ya mtu aliyebaki peke yake.

Nikasahau nilipo.

Nikainuka, noti mkononi, nikaenda mbele nikicheza taratibu ili nimtunze. Kwetu kwenye taarab ndivyo: mwimbaji akikugusa moyo, unamwendea.

Gitaa likanyamaza. Mwimbaji akarudi nyuma. Kiongozi wa msafara akanishika mkono, akaniomba nikakae. Mtu akacheka.

Nilitamani ardhi inimeze.

Mara, nyuma yangu, kigelegele!

"Khe! Mwacheni Baniani wa watu atunze!"

Yule mama wa koti jeusi anakuja, noti kaipunga juu, mabega yanacheza.

"Wewe wa wapi?" nikamuuliza.

"Malindi, Unguja. Na wewe tangu juzi umeninunia kama nimekuibia kiti!"

"Nilidhani Mmoroko."

"Na mie nilidhani Mpakistani, mpaka ulipoinuka kutunza. Haya cheza, usitutie aibu."

Mwimbaji akatutazama, akacheka, akazichomeka noti zetu kifuani. Akaanza wimbo upya.

Safari iliyobaki, begi langu lilipanda juu, kwenye rafu ya basi.

London tukaagana. Bi Mwanabaraka, ndilo jina lake, anakaa karibu na Edgware Road, mimi Rayners Lane. Mjane wa Kiislamu haendi kwa mjane wa Kibaniani hivi hivi. Lazima pawe na shughuli. Nikarudi kwa birika langu.

Halafu simu.

"Mahendra bhai, kinanda cha marehemu mume wangu kinakohoa."

Akakileta kwangu. Lilikuwa vumbi. Nikasafisha upesi. Mara ya pili springi ilikuwa imeruka. Nikairudisha hata chai haijapoa. Kila mara aliniuliza mlangoni akiondoka, "Umemaliza mara hii?"

Nilidhani ananisifu.

Leo yuko jikoni kwangu anachemsha chai ya tangawizi, na mimi natazama mchaniko. Umenyooka. Kingo zake safi.

Umekatwa kwa wembe.

"Panya hao," anasema kutoka jikoni. "Panya wa Edgware Road wabaya, bhai."

"Wabaya kweli. Na mikono yao haitetemeki."

Kijiko kikaacha kugonga kikombe.

"Itachukua muda?" akauliza, taratibu.

Kiraka na gundi. Kazi ya nusu saa.

"Muda mrefu," nikasema. "Gundi lazima ikauke. Halafu nikague vibao vyote, kimoja kimoja. Itabidi uwe unakuja kuangalia."

"Haya. Kama ufundi ndivyo unavyotaka."

Kijiko kikaanza tena.

Ndugu zangu, mtu akikuletea kitu kibovu, mtazame na aliyekibeba. Mimi nilijivunia wepesi wa mikono yangu, kumbe nilikuwa nafukuza mgeni.

Nimepaka gundi upande mmoja, nimefunika kitambaa.

Upande wa pili, kesho.