Binti wa Shukrani

Binti huyu hukusanya sauti za watu wakishukuru, ili watafiti wenzake wa nchi nyingine wazilinganishe na za kwao. Ana subira ya paka mlangoni pa jiko. Bibi anayeshona akimnyooshea sindano, yeye huulowesha uzi mdomoni, huutunga, kisha huuliza swali lilelile: ungependa kumshukuru nani?

"Nimshukuru nani?" Bibi alifoka, shingo juu kama jogoo. "Tangu nizaliwe sijamwomba mtu kitu! Haya, nitungie uzi."

Binti alitunga, akarudisha nyuma kinasa sauti chake na kukiwasha. Bibi akaisikia sauti yake mwenyewe: "...sijamwomba mtu kitu! Haya, nitungie uzi." Akacheka mpaka machozi.

"Na wenzako watasikia?"

"Watasikia, Bibi."

"Futa, mjukuu wangu."

"Hatufuti."

"Basi ongeza asante hapo mwisho. Lakini iseme wewe."