Bluu Isiyochujika

Dada yangu mdogo alikuwa aolewe Jumamosi, na kiondo alichokuwa akisukiwa na Mwaitu, mama yetu, kilikosa rangi moja tu: bluu. Hiyo ndiyo aliyoiomba. Kahawia na nyekundu Mwaitu alizipata kwa kuchemsha magome na mizizi, lakini hapa Mukuyuni hakuna mti uliowahi kumpa bluu. Ile ya dukani ilishachuja mara moja kwenye kiondo kingine, ikaharibu gauni jeupe la jirani.

Ilikuwa miaka ya sabini, nami nilikuwa mwalimu mpya wa sayansi. Kando ya barabara ya Mombasa, karibu na Kambu, niliokota ndege aliyegongwa na gari, mmoja wa wale wenye kifua cha zambarau na mabawa ya bluu kali. Nikampelekea Mwaitu.

"Rangi ndiyo hii. Tunachemsha tu."

"Una hakika?"

"Mwaitu, hii ni kazi yangu."

Tulichemsha manyoya mchana kutwa. Maji hayakubadilika hata kidogo. Afadhali ningeachia hapo. Badala yake nilichukua nusu ya manyoya, nikayaanika, nikayakata kwa mkasi na kuyasaga kwa jiwe. Nikapata unga wa kahawia, mchafu kama vumbi la barabarani. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

Mwaitu aliuchota unga kwa kidole, akautazama. Hakunigombeza.

"Umeifumua," akasema. "Hiki kiondo nikikifumua, nyuzi utazipata zote. Kiondo utakipata wapi?"

Ilinichukua miaka kujua jinsi alivyokuwa sahihi. Tazama povu unapofua nguo: maji hayana rangi, sabuni ni nyeupe, lakini povu lina kijani na waridi. Rangi hiyo huletwa na wembamba wa utando wake. Unyoya nao una vijitundu vidogo sana, jicho haliwezi kuviona, vilivyopangwa hivi kwamba mwanga wa bluu ndio unaorudi kwetu. Ukivisaga, mpango umevunjika, na kinachobaki ni kahawia iliyokuwa chini yake. Baadaye nilisoma kwamba kuna wataalamu wanaojaribu kutengeneza vitu vyenye rangi kwa kuiga mpangilio huo, bila kutia rangi yoyote. Nikamkumbuka Mwaitu na kidole chake chenye vumbi.

Manyoya yaliyosalia yalikuwa yameshakauka, bluu yake ileile. Ijumaa kutwa aliyafunga mazimamazima kwa uzi wa katani, mstari mmoja chini ya ukingo wa kiondo. Hayakutosha kuzunguka. Upande wa nyuma ukabaki mtupu.

Kanisani wanawake walimzunguka Mwaitu. "Wewe, bluu hii umeichemsha na nini?"

"Muulizeni mwalimu," akajibu. "Yeye ndiye mwenye kiwanda."

Walinicheka mpaka nami nikacheka. Dada alikuwa amekikumbatia kiondo chake, upande mtupu ukiwa kifuani, na hakukubali kubebewa na mtu, hata bwana harusi.