Itoe wa Orisaka, Aliyemvika Mungu wa Wafumaji Kicheko

Alizaliwa mwaka 1894 katika bonde la Orisaka, nchini Japani, msimu ambao viwavi wa hariri hujifungia ndani ya vifukofuko vyao. Ndiyo maana akapewa jina la uzi, Itoe. Mama yake, Sawa, alimfundisha kufuma kabla hajajua kusoma. Kila asubuhi waliinama na kupiga makofi ya sala pamoja mbele ya hekalu la mungu wa kike wa wafumaji. Itoe alikuwa mcheshi mno. “We mtoto,” mama alimwambia, “hayo meno yatapauka kwa jua!”

Alipofikisha miaka ishirini alichaguliwa kufuma vazi jipya la mungu. Desturi ilikuwa kali: mfumaji hatoi sauti tangu uzi wa kwanza hadi kitambaa kikatwe, kwa kuwa sauti huingia kwenye uzi. Akishindwa, kitambaa huchomwa, naye hafumi tena maisha yake yote. Itoe aliomba sana, akaanza.

Siku ya mwisho, katika chumba cha kufumia cha hekalu, kuhani Tokihira akiwa amekuja kutazama, mzee Kanzo, mlinzi wa ukimya, alikuwa amepiga magoti tangu alfajiri. Alipoinuka kwa heshima zake zote, miguu ilikuwa imekufa ganzi. Akaangukia kikapu cha vifukofuko, akaibuka navyo ndevuni.

“Mnatazama nini?” akafoka.

Itoe akaangua kicheko.

“Umetuharibia!” Kanzo akapiga kelele. “Sikukuu ni kesho! Mungu atavaa nini, hicho kicheko chako?”

Itoe akashuka kwenye kitanda cha kufumia, akilia. Ndipo kuhani Tokihira akakipapasa kitambaa, akauliza, “Mzee Kanzo, mungu wa jua alipojificha pangoni, alitolewa na nini? Na matusi?”

“Na kicheko cha miungu wenzake,” Kanzo akanong'ona, kifukofuko kikining'inia kidevuni.

“Basi mungu wetu naye atavaa kicheko hicho hicho. Panda umalizie, binti.”

Itoe alifuma hapo hadi uzeeni. Wazee husimulia kwamba mwaka ambao ukungu uligoma kuondoka na viwavi wakaanza kufa, alicheka mlangoni pa hekalu, na jua likachomoza.

Alifariki mwaka 1971. Hadi leo wafumaji wetu hunyamaza mpaka uzi wa mwisho, kisha hucheka pamoja, ndipo hukata. Nasi tumwige: tufanye kazi kwa kicho, na tusimnyime mungu furaha yetu.