Moshi Njia ya Bawshar

Jana, gereji, fundi alifungua giaboksi ya gari langu, na harufu ya oili iliyoungua ikanirudisha utotoni.

Baba alikuwa amenunua gari la nyumba, lenye vitanda na jiko ndani, kwa mzungu mmoja aliyekuwa anahama. Siku ya safari yetu ya kwanza aliifunga nyuma yake kwa chuma pikapu yetu ya fowili, inayovuta kwa magurudumu yote manne, yote yakiwa chini, tuivute mpaka jangwani. Majirani walitoka kututazama.

"Gia umezitoa zote mbili, kubwa na ile ndogo ya fowili?" Mama aliuliza.

"Nshatoa. Panda gari, bibi we."

Tulipofika Bawshar, njiani, pikapu ilikuwa inafuka moshi. Ami zangu wawili, waliokuwa wakitufuata kwa gari lao, walisimama wakachungulia ndani. Gia ndogo ilikuwa bado imeingia, na giaboksi imeungua kwa kuburutwa hivyo.

"Nani kasahau hii?" mmoja aliuliza, huku anacheka.

Baba hakumtazama mtu. "Mke wangu," alisema. "Nilimwachia yeye."

Uso uliniwaka. Nilimwangalia Mama, nikingoja aseme kweli. Alikuwa anakunjakunja ncha ya mtandio wake.

"Ni mimi," alisema. "Nisameheni."

Ami zangu wakazidi kucheka, wakimtania Mama kwa kumwita "dereva". Mama akafungua kapu akawagawia sambusa, na nyingine akampelekea Baba, aliyesimama peke yake nyuma ya pikapu. Aliipokea bila ya kuinua macho.

Mimi yangu niliikataa. Sikuweza kumtazama hata mmoja wao.